Lita Sita za Mzee Kizibo

Tarehe thelathini Juni, Mzee Kizibo alitundika aproni yake kwenye msumari wa mlango wa ghala la mvinyo na kuhitimisha miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wenye diploma walipewa kalamu wamwandike, wakaishiwa maneno mstari wa pili. Basi tulieni, mimi dereva wa foklifti niwaonyeshe.

Alianza kwa kufagia, akapanga makreti, akaishia mkuu wa ghala. Miaka yote hiyo chupa zilizomponyoka ni mbili tu, na moja alimsingizia paka.

Lakini ukimtaka Mzee Kizibo mwenyewe, mfuate kwake. Huko alikusanya majitu: chupa za lita moja na nusu, za lita tatu, na mama yao wa lita sita, sawa na chupa nane za kawaida, chupa aliyozawadiwa na kampuni alipotimiza miaka kumi. Watoto walipohama, chumba chao kikawa cha chupa. Zimelala ubavu, mvinyo uloweshe vizibo visikauke. Pazia ni zito. Friji lilihamishiwa sebuleni, eti mtetemo wake unazikatisha usingizi. Shangazi, yaani mkewe, alinung'unika kwamba yeye hajawahi kupunguziwa kelele kiasi hicho tangu aolewe.

Ukiingia humo unanong'ona bila kuambiwa. Mwanga unapita kwenye vioo ukiwa kijani, vumbi linaelea polepole, na baada ya muda hujui kama zilizolala ni chupa au ni wewe.

Ile ya lita sita haikufunguliwa miaka ishirini na moja. Chupa kubwa ikishazibuliwa haingoji kesho, nayo inataka watu wake kamili. Harusi ya binti ilileta mia mbili: wangelamba vidole tu. Mahafali ya kijana yalileta wanne: wangebebwa. Shangazi akachoka, akatangaza kwamba humo imebaki siki, na siku ikifunguliwa ataoshea madirisha. Tangu siku hiyo hakuyaosha tena, akingoja siki yake. Mzee alicheka, ila tuliomzoea tuliona: aliogopa huenda mama watoto amesema kweli.

Siku ya kuaga, ghala zima tulikuwa ishirini na sita. Hesabu ikatimia: kila mtu glasi yake. Chupa ilikuwa imesimamishwa siku tatu ili mashapo yatulie chini. Kizibo kizee hakitaki kizibuo cha kuzungusha. Akapenyeza kile cha visu viwili vyembamba, kimoja kila upande. Kizibo kikakatika nusu. Shangazi akasogea, akalikumbatia lile jitu kifuani lisitikisike, na mzee akaivuta nusu iliyobaki, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba.

Glasi ya kwanza akapewa Shangazi. Alionja. Akafumba macho muda mrefu, kama aliyekwenda mahali na hana haraka ya kurudi. Kisha akanyoosha glasi aongezwe.

Juzi tulipita kuwasalimu. Madirisha bado machafu.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kubeba vizito kwa upole. Tunakutakia maisha mema na marefu. Sasa ni zamu yako kulala ubavu penye ubaridi kama chupa zako, na asikutikise mtu.