Paa Lililong'oka Mara Mbili

Benchi la mbele ya duka la vifaa vya ujenzi lina wenyewe. Mwashi wanamwita Baba Ughaibuni, kwa kuwa binti yake yuko nje mwaka wa nne sasa. Fundi viatu ni Mchumi, kwa kuwa husoma magazeti kabla hajayasindilia ndani ya viatu vya watu. Kinyozi ni Redio, na ukikaa naye dakika mbili utajua sababu. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa haimpandi mwashi wala haimshuki: wiki tatu binti hajajibu ujumbe, na ukuta wa vyumba vyake vya kupangisha umeishia kiunoni.

— Watoto wa nje hutuma pesa nchi ikiyumba, — Mchumi alisema. — Sasa bei zimetulia. Mzee, umeponzwa na neema.

— Wapi, — alidakia Redio. — Hutuma mambo yakinyooka, wanunue viwanja. Yakiharibika wanazima simu.

— Wangu hutuma kotekote, — mwashi alisema. — Saruji ikipanda, anatuma ya kula. Ikishuka, anatuma ya saruji.

— Basi huyo si binti, ni benki kuu, — Redio alisema.

— Mara ya mwisho ulimwambia nini? — Mchumi aliuliza.

— Upepo umeng'oa paa.

— Si uling'oa mwezi wa pili?

— Uling'oa tena.

— Na nyumba ni zege mpaka juu, kaijengesha binti mwenyewe. Uongo wa paa umechuja, mzee. Mpe mdororo wa uchumi. Mwambie viwanda vimefungwa.

— Mwambie hata jua tunawashiwa kwa zamu, — Redio alipandisha dau.

Mwashi alikwisha shika simu, anajikoholesha ili sauti itoke na unyonge, ndipo mama mmoja aliyeleta kiatu kilichoachia soli akauliza:

— Kwani binti anafanya kazi gani huko?

Mchumi aliinamia sindano yake.

— Kazi nzuri tu, — mwashi alisema.

— Ipi, baba?

Akapekua simu kurudi nyuma, mwaka hadi mwaka. Mafuriko yake, kikohozi chake, mapaa yake. Upande wa binti ni maneno yaleyale: “Nimetuma, baba.” Mwanzoni kabisa, wiki aliyofika huko, kulikuwa na ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao baba mtu hakuwahi kuufungua.

Aliona aibu, aibu ya kweli. Akaufungua ule ujumbe, akainuka, simu sikioni, kahawa akaiacha.