Boaz Okari Hakujiua

Marehemu Boaz Okari alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Masara, Suna Magharibi, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Okari na Mama Bathsheba, na kwa kuwa baadhi yenu mmefika mkiwa mmeshalishwa maneno huko njiani, familia inawaomba mtulie, msikie maisha yake yote hadi siku ya mwisho.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1986, karo ikamkwamisha kidato cha pili, na mwaka wa 1996 akaenda mjini Migori kufundishwa umekanika na Fundi Hemed, ambaye yuko nasi leo, na ambaye anasema Boaz alikuwa mbishi tangu siku ya kwanza. Tarehe 18 Desemba 2004 alimwoa Mellen, wakajaliwa Damaris na Wangwe, na ubishi ule ukahamia nyumbani, Mellen akawa anauvumilia huku akicheka.

Mwaka wa 2012 aliajiriwa Rodi Kopany, katika yadi ya kuvunjia magari ya Bwana Masese, yule aliyeketi safu ya mbele, shati jeupe. Kwenye yadi ile kila kilichochuruzika kutoka kwa gari kiliitwa maji, maji ya rejeta, maji ya betri, hata oili chafu ilimwagwa shimoni kama maji machafu, ikateremka hadi kijitoni wanakoteka akina mama, na neno hilo maji lilimkera Boaz kupita kiasi. Alisema maji ni ya kunywa, hii ni sumu, akawazoesha wenzake kusema sumu ya betri, akamwaga saruji chini na kuizungushia ukingo ili kilichomwagika kisitoke, akatenga mitungi yenye vifuniko, wa oili mbali, wa rejeta mbali, wa betri mbali, ndani ya kibanda chenye kufuli. Miaka yote hiyo hakuna aliyeungua hata kidole.

Februari 2025 Masese alitaka nafasi ya kuweka mabasi mabovu, akabomoa kibanda, akaitoa mitungi, akaamuru vilivyokuwamo vitiwe katika chupa yoyote itakayopatikana, na Boaz alipobisha akaambiwa aache kujifanya mkubwa, hayo ni maji tu. Tarehe 3 Machi, jua likiwaka, Masese kwa mkono wake alijaza maji ya betri kwenye chupa ya maji ya kunywa, karatasi yake ikiwa bado imebandikwa, akaiweka kivulini kwenye benchi wanapoweka wafanyakazi maji yao, akaenda zake. Boaz alitoka chini ya lori akiwa na kiu, akaishika, akapiga funda kubwa.

Alilazwa Homa Bay, koo na tumbo vimeungua, hakuweza kusema tena, akafariki tarehe 21 Machi, na kabla hatujamtoa mochari Masese alikuwa ameshaeneza kutoka Rodi hadi Masara kwamba Boaz alijiua kwa ugomvi wa nyumbani. Wapo mlioanza kuuliza kama kaburi lichimbwe nje ya ua, kama anavyofanyiwa aliyejitoa uhai. Mama Bathsheba alikwenda akaketi mbele ya nyumba ya mwanawe, akawaambia wachimbaji wachimbe pale au wamzike yeye. Limechimbwa pale. Oyaro, aliyekuwa akifanya kazi na Boaz benchi moja, alimwona Masese akiijaza ile chupa, amewaambia polisi, na atasema tena mbele ya hakimu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotulisha, na wafanyakazi wenzake ambao hawajarudi yadi tangu afariki. Bwana Masese, wewe hatukushukuru, shada lako la maua limebaki nje ya lango, nafasi ya kuzungumza huna, na watu watakapoinuka kutia udongo, wewe kaa kwenye kiti chako, udongo wa kaburi hili usiuguse. Mellen hajasamehe, na anamwomba mchungaji asimhimize kusamehe, kwa sababu anachotaka ni kukuona umesimama kizimbani, jina lako likisomwa kwa sauti kama linavyosomwa sasa.

Boaz, umelala ndani ya boma lako, mbele ya nyumba yako, pumzika kwa amani. Masese asipumzike.