Historia ya Lisbeth Zbinden na Neno Alilolifuata Hadi Jura

Ndugu, jamaa na majirani mliofika katika kanisa hili la Bümpliz, mimi Regula, mtoto pekee wa marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya mama, ambaye mwenyewe aliagiza yasitiwe asali.

Marehemu Lisbeth Zbinden alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 kijijini Trubschachen, mtoto wa kwanza wa mkata miti Gottfried Aeschlimann na mkewe Rosina, akafuatiwa mwaka 1940 na mdogo wake, Ueli. Januari 1946 baba yao aliangukiwa na mti akafa, mama yao naye akafa kwa kifua kikuu mwaka huohuo, na udongo wa kaburi haujakauka, halmashauri ikawagawa watoto kwa wakulima, Lisbeth kijiji cha Eggiwil, Ueli mbali kwenye milima ya Jura, kwa wasemao Kifaransa. Yatima hadeki: alikamua ng'ombe kabla ya alfajiri, akalala juu ya zizi, na shule aliiona majira ya baridi tu.

Mwaka 1954 alikuja Berne kuwa mtumishi wa nyumbani, akasoma jioni, na mwaka 1962 akaajiriwa katika ofisi ya kamusi, alikodumu hadi kustaafu. Alifunga ndoa na Hans Zbinden, dereva wa tramu, tarehe 12 Juni 1964, nami nikazaliwa mwaka 1966.

Mwaka 1973 alikabidhiwa neno "kazi" alichunguze asili yake. Aligundua kwamba, kwa maelezo ya wataalamu wengi, neno la Kijerumani ni jamaa ya neno la kale la yatima, la Warusi limetoka kwa mtumwa, na la Wafaransa limetoka kwenye vigingi vya kumfungia mtu ateswe, nalo hadi leo ni jina la fremu ya mbao anamobanwa farasi akipigiliwa vyuma kwatoni. Mama aliomba ruhusa ya kwenda Jura kuzitazama fremu hizo, akazunguka shamba kwa shamba, wenzake wakamcheka kwamba mama huyu kapenda farasi, kumbe alikuwa anamtafuta mdogo wake.

Alimpata Oktoba 1976, milimani juu ya kijiji cha Saignelégier, ameshika mguu wa farasi, Kijerumani kimemtoka chote. Utotoni, ili aache kutoroka, mkulima aliyekabidhiwa alimwambia kwamba dada yake amekufa, naye akaamini. "Bibi, dada yangu nilishamlilia," alimjibu, "sina machozi ya kumlilia mtu aliye hai." Mama alirudi kila mwaka, akapewa kahawa akiwa amesimama, akaitwa bibi, na ilimuuma kuliko zizi la Eggiwil.

Aprili mwaka huu, 2019, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Nilimwandikia mjomba, hakujibu, na mama alifariki tarehe 9 Novemba alfajiri, akiwa ameniuliza jana yake kama barua imefika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa ghorofa yetu kwa supu na kukesha, na wenzake wa kamusi waliobeba jeneza.

Asubuhi hii mzee mmoja aliteremka kwenye treni peke yake, na alipoulizwa mlangoni yeye ni nani kwa marehemu, akasema, "Dada yangu huyo, nipisheni nimwone."

Mama, lala salama. Ueli amefika.