Kailemia Hakufa kwa Kuugua

Mchungaji, mama yetu Alice, wazee wa ukoo, majirani wa Kianjai, na wakwe zetu mliotoka Karurumo mapema ili mfike kwa wakati, asanteni kwa kuja. Mimi ni Marcella, dada mkubwa wa marehemu. Kile kijitabu mlichopewa langoni kina picha nzuri, na nyimbo zimepangwa vizuri. Lakini kwenye wasifu pameandikwa kwamba ndugu yangu alifariki "baada ya kuugua kwa muda mrefu." Huo ni uongo, nami siwezi kusimama mbele ya jeneza la ndugu yangu nikasoma uongo. Kwa hiyo kifungeni kwanza, mnisikilize.

Kailemia alizaliwa tarehe 14 Machi 1977, hapa hapa Kianjai, akiwa mtoto wa nne wa mama Alice na marehemu baba yetu. Mama hupenda kusimulia kwamba alizaliwa mkubwa mpaka mkunga akauliza kama mtoto huyu hakuja kwa miguu yake. Tangu siku hiyo ukoo huu ulimpima kwa unene. Akinenepa, alikuwa anaendelea vizuri. Akipungua kidogo kwa homa, mama aliulizwa anamlisha nini. Ndivyo tulivyo, na sitajifanya kwamba sisi ni watu wengine.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1991. Siku moja mwalimu wa jiografia alimuuliza Mtito Andei, mji ule wa barabara ya Mombasa, panapatikana nini, naye akajibu, "Nyama choma, mwalimu." Darasa lilicheka, lakini mwalimu alikiri kwamba hakuwa na jibu bora. Alijiunga na sekondari, akafika kidato cha pili. Baba alipofariki mwaka 1993, Kailemia alifunga vitabu vyake kwenye sanduku akaenda Maua kutafuta kazi. Hakutumwa na mtu.

Maua alipata kazi ya utingo katika lori la Mzee Sakariye, lililochukua bidhaa Embu na kuzipeleka Isiolo na Moyale. Dereva wake, Mzee Abdiweli, ndiye aliyemfundisha kuendesha, na alimfundisha kwa ukali. Kabla gari halijaondoka, Kailemia alitakiwa kulizunguka lote kwa miguu akigonga kila tairi kwa nyundo na kusikiliza. Tairi lenye upepo huitikia, lililopungua hunyamaza. Alipata leseni mwaka 2001. Mwaka 2009 aliajiriwa na kampuni moja ya Mombasa kuendesha trela, na kwa miaka kumi na sita alipeleka makontena Malaba, Kampala, wakati mwingine hadi Juba. Hakuwahi kuangusha gari hata moja. Kijitabu chenu kimesahau kuandika hilo.

Mwaka 2004 lori la Mzee Sakariye liliharibikia karibu na Karurumo, mbele ya kibanda cha chakula cha binti mmoja aliyeitwa Joyline. Kailemia alimaliza sahani ya pili kabla fundi hajafungua boneti. Wiki iliyofuata lori liliharibikia mahali palepale, ingawa Mzee Abdiweli alisema hadi mwisho wa maisha yake kwamba hakuona ubaya wowote kwenye injini. Posa ilipelekwa kwa mama yake Joyline, Veronicah, ukoo ukaenda Embu kwa heshima zote, na tarehe 9 Desemba 2006 walifunga ndoa kanisani Runyenjes. Mungu aliwajalia Kathambi na Kinoti.

Sasa nije kwenye kuugua, maana ndiko uongo ulikoota mizizi.

Ni kweli Kailemia aliugua. Aliugua mwaka 2020. Mtu anayekaa kwenye usukani kutwa nzima, anayekula chipsi na nyama ya mafuta kila gari linaposimama, na kushushia kwa soda mbili ili asisinzie, ataugua. Na ninyi mlikuwa mkimwona akishuka garini na tumbo lile, mkimshangilia, "Huyo ni mwanamume sasa! Barabara imemkubali!" Alianguka kwenye foleni ya mpakani Malaba. Kwenye kliniki ya madereva walimpima wakamkuta na sukari na presha. Muuguzi alimwangalia tumbo akamwambia, "Mzee, hii si mali. Hii ni mzigo, na unaibeba bure, hakuna mtu amekulipa." Kailemia alinisimulia hayo huku akicheka, lakini alipofika nyumbani aliketi kitandani akamwambia mkewe kwamba anaogopa kufa.

Joyline hakupiga kelele. Alinunua meko, ule mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu, ukawekwa kwenye sanduku la vyombo pembeni mwa trela. Kila safari alimfungashia nduma, viazi vitamu na ndizi mbichi za kuchemsha, ndengu alizokwisha kupika, na mboga za majani, terere na managu, zilizooshwa na kukatwa tayari. Kailemia akawa anajipikia kando ya barabara wenzake wakiwa hotelini. Na ule mzunguko wa kugonga matairi aliugeuza mazoezi. Hakuzunguka mara moja tena. Alizunguka trela hadi jasho limtoke, na kwenye kila tairi alichuchumaa na kuinuka. Madereva walimwita Mwalimu wa P.E. Baada ya muda, foleni ya mizani ikiwa ndefu, ungewakuta watu wazima sita wenye vitambi wakimfuata nyuma wakizunguka lori, na askari wa mizani wakiwauliza wamepoteza nini.

Sukari ilishuka. Presha ikatulia. Alipungua, akawa mwembamba kama alivyokuwa akiwa kijana. Aliweza kulala, aliweza kupanda kilima hiki bila kusimama. Hapo ndipo ukoo wake ulipoamua kwamba anakufa.

Nawauliza, watu wa Kianjai: ni nani kati yenu aliyemuuliza? Mlimwona amepungua mkasema, "Si unajua madereva wa safari ndefu. Ako na ile kitu." Mkasema, "Ni huyo bibi wa Embu hampei chakula, anamlisha majani kama sungura." Lisemwalo lipo, mkasema. Kanisani alitajwa katika maombi ya wagonjwa, yeye mwenyewe akiwa ameketi benchi la pili, buheri wa afya, akiangalia huku na huku aone ni Kailemia gani mwingine anayeombewa.

Agosti 2021 wazee watano walikwenda kwake wakiongozwa na baba mdogo wetu, Mzee Mithika. Walibeba sufuria ya supu ya kichwa cha mbuzi na jagi la uji. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, na kweli hawakuuliza. Hawakumkuta. Walipokuwa bado wamesimama uani, Kailemia akatokea njiani akikimbia kutoka mtoni, fulana imelowa jasho.

"Mnaona!" alisema Mzee Mithika. "Jasho yote hiyo! Homa imempanda kwa kichwa mpaka anakimbia ovyo."

"Baba mdogo, ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Kwani uko na deni ya kupigana na mtu?"

"Basi twende wote mpaka sokoni, wewe na mimi, tuone mgonjwa ni nani."

Wazee hawakucheka. Walimgeukia Joyline. "Wewe mwana wa Embu," mmoja alisema, "tulikupea mtu mwenye mwili. Umepeleka wapi?" Joyline aliwakaribisha viti, akawaambia chai iko tayari ila haina sukari. Kailemia alikunywa kikombe kimoja cha supu ili asiwavunjie heshima. Walipoondoka, Joyline alilia. Alilia tena mara nyingi kwa miaka minne, kila alipokwenda kisimani, kila alipoketi kwenye kikundi cha kina mama akasikia mazungumzo yakikatika. Kailemia alimwambia, "Waache. Mimi nitawajibu kwa kuishi." Na angewajibu. Alikuwa na miaka arobaini na minane tu.

Tarehe 9 Septemba mwaka huu, 2025, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Kailemia aliegesha trela lake nje kabisa ya barabara karibu na Kibwezi. Aliweka pembetatu za onyo nyuma, kama sheria inavyotaka. Isaack, rafiki yake kutoka Maua na dereva mwenzake, aliegesha mbele yake. Isaack yuko hapa leo, na aliyoyaona alitusimulia mbele ya mama.

"Mama, mimi nilikuwa nachemsha chai kwa meko yake," alisema. "Yeye anazunguka gari, anagonga tairi. Nasikia tu ngo, ngo, ngo. Ananiambia, Isaack, kuja ufanye hata mbili, utakufa na hiyo tumbo. Halafu nikasikia mlio mkubwa, na ile ngo ngo ikaisha."

Lori lililomgonga lilikuwa la kampuni yake mwenyewe. Dereva wake alikuwa amesinzia akatoka barabarani mchana kweupe. Jina lake silitaji, maana naye ana mama. Alikuwa hajalala tangu aondoke Malaba. Hakukesha kwa kupenda. Ofisini Mombasa kuna watu wanaoangalia magari kwenye kioo cha kompyuta, na gari likisimama zaidi ya walivyopanga wao, simu inalia. Dereva anayelala anaitwa mvivu, na wavivu hawapewi safari.

Isaack alipokuwa amemshika Kailemia pale chini, simu ya Kailemia ililia ndani ya gari. Ililia ikakatika, ikalia tena. Isaack akadhani ni Joyline, akapanda kuichukua. Ilikuwa ofisi. Walikuwa wanauliza, "Mbona gari imesimama?"

Kailemia alifariki wakiwa njiani kwenda hospitali. Daktari aliyeuchunguza mwili alituambia, mimi na Joyline tukiwa tumesimama mbele yake, kwamba moyo na mishipa yake vilikuwa vya mtu mwenye afya njema, na kwamba aliuawa na majeraha, si kitu kingine. Joyline alimwomba arudie. Akarudia.

Basi wiki iliyopita kampuni ikasema itatuchapishia kijitabu, na kamati ikashukuru. Nilipoona yale maneno nilimwendea Mzee Mithika, mwenyekiti wa kamati. Akaniambia, "Marcella, hayo ndiyo maneno ya matanga. Kila mtu huandikiwa hivyo." Nikamwambia si kila mtu amekufa hivyo. Akasema wamekwisha kuchapisha, tena kila mtu aliona jinsi Kailemia alivyokuwa amekwisha.

Baba mdogo, umeketi hapo mbele nami nakuheshimu. Lakini angalia maneno hayo yamemfaa nani. Kampuni imepata dereva aliyekuwa mgonjwa, na mgonjwa akifa hakuna wa kulaumiwa. Kijiji kimepata kusema, "Tulijua." Na mwanamke aliyempa ndugu yangu miaka mitano ya uhai ambayo Malaba ilikuwa imekwisha kuichukua, amegeuzwa kuwa mtu aliyemkondesha hadi kaburini. Jana nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema angekuwa hotelini akila nyama kama wenzake, angekuwa hai. Kailemia hakuuawa na mazoezi wala na terere. Aliuawa na usingizi wa mtu aliyekatazwa kulala. Njia ya mwongo ni fupi, na hii imeishia hapa, mbele ya jeneza. Nimesema nikiwa nimekasirika na sitaomba radhi.

Marehemu Kailemia ameacha mjane, Joyline. Kijitabu kimemtaja mwisho, baada ya binamu, na asubuhi hii amekalishwa hema la pili, nyuma ya wageni wa kampuni. Ameacha watoto wawili, Kathambi na Kinoti. Mama yake, Alice. Mama mkwe wake, Veronicah. Sisi ndugu zake watano. Isaack, ambaye tangu leo ni ndugu yetu. Na madereva wengi waliosimamisha magari yao kando ya barabara ili wawe hapa, ingawa wanajua simu zitalia.

Kathambi, mshike mama yako mkono aje mbele. Yeye ndiye atakayetangulia kutupa udongo, na asiyependa ageuze uso.

Ndugu yangu, Mungu akupe pumziko na amani yake. Nanyi madereva, msingoje kuombewa hivyo na watu kama sisi. Pumzikeni mkiwa hai.