Lorna Haugen, Aliyechaguliwa Asipokuwepo (1974–2024)

Marehemu Lorna Haugen alizaliwa Machi 9, 1974, mjini Cloquet, Minnesota, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Reino Niemi na Bi. Dolores. Mimi ninayesoma ni Arlys, dada yake.

Alisoma Cloquet hadi akamaliza sekondari mwaka 1992, kisha akasomea usaidizi wa daktari wa meno mjini Duluth. Kazi hiyo aliipenda. Watoto walikiogopa kile kiti, naye aliwatania mpaka wakafungua midomo kwa kucheka.

Juni 19, 1999, aliolewa na Curt Haugen, fundi wa kuchomelea vyuma. Walijaliwa watoto wawili, Owen na Signe.

Mei 2011 alihudhuria mkutano wa chama cha wazazi na walimu wa Shule ya Msingi Tamarack Ridge. Pale, uchaguzi ukifika kila mtu huangalia viatu vyake, na asiyekuwepo ndiye huangukiwa na cheo. Lorna alikuwa ametoka kwenda kuongeza kahawa.

"Lorna yuko wapi?"

"Jikoni."

"Basi katibu tumeshapata!"

Alirudi na birika, akapokewa kwa makofi. "Nyie wezi wa mchana!" alisema, akacheka, akakubali. Baada ya ukatibu akawa mweka hazina, kisha mwenyekiti mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa hakuna mwingine aliyenyoosha mkono.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aprili alikwenda mkutanoni amejifunga kitambaa kichwani, akawaambia mwenyewe: "Jamani, safari hii nipumzisheni. Nimemwahidi Signe kiangazi chote ziwani." Wote waliitikia. Wengine walilia.

Mei 14, siku ya uchaguzi, alikuwa hospitalini na dripu mkononi. Mtu akauliza nani hayupo. Mikono ikanyooka kwa mazoea, na kicheko kilekile. Dale Brekke, katibu wake, akampigia simu nikiwa nimekaa kando ya kitanda.

"Hongera, mwenyekiti! Tumeona itakupa moyo."

"Dale, mmenichagua kwa sababu siwezi kuinuka niwakatalie."

"Aa, ni jina tu, Lorna. Hutafanya kitu."

Halikuwa jina tu. Mara hema la tamasha la shule, mara mpishi wa tambi za harambee kajitoa, mara walimu wamegombana na wazazi. Simu ilikaa juu ya blanketi, na Signe alikaa miguuni pa mama yake akisubiri amalize kuongea. Nyumba yao ya ziwani haikufunguliwa hata siku moja. Inaniuma sana, na sitaificha hapa.

Alifariki nyumbani Alhamisi, Oktoba 3, 2024, asubuhi. Curt alikuwa bado hajamfumba macho simu ilipoita. Mzazi mmoja alitaka kujua nani ana ufunguo wa kabati la mashine ya bisi.

Ameacha mume, Curt. Watoto, Owen na Signe. Mama yetu, Bi. Dolores, na mimi.

Wazazi wa Tamarack Ridge, mmekuja wengi leo, wengi kuliko mkutano wowote aliowahi kuuitisha. Asanteni. Jumanne mtakaa kujaza nafasi yake, na mtu atauliza nani hayupo. Lorna hatakuwepo. Safari hii mwacheni apumzike kwa amani.