Raba Nyembamba za Sitti

Mwaka 1994 nilikuwa kwenye pikapu kutoka Koboko kwenda Arua. Mbele yangu aliketi Sitti, mama wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa akienda kushindana katika mbio za kupanda kilima cha Arua kesho yake. Mzee Dramadri, fundi viatu wa Aroi aliyeketi kando yake, hakuwa akimjua, lakini alimwomba raba zake akazikunja kwa vidole viwili.

"Mama, hii iko laini sana. Mawe itakula miguu yako. Vaa soli nene."

"Mzee, mimi nakimbia miaka kumi na mbili. Mwaka jana nilivaa nene, ikanivuta, nikashindwa kwa hatua mbili tu."

"Na nguo?"

"Suruali nyepesi na fulana moja. Kitenge ikishika jasho, unabeba mutu mwingine."

Mimi ninayehema nikipanda ngazi nilizitazama tena zile raba. Dramadri alicheka, akatoa sindano na kuanza kushona ukingo uliofumuka, bila kuombwa. Mashimo ya barabara yalimfanya ajichome mara mbili, naye hakuacha kubisha.

Pikapu iliposimama Arua, alikata uzi kwa meno na kumrudishia Sitti raba kwa mikono miwili.

"Soli nene iko mzuri zaidi," alisema. "Lakini kesho nitakuja kuona."