Mwalimu Nelima Wangila na Shamba Ambalo Halikuwa Lake

Wasifu huu ungesomwa na Wekoye, mwanawe mkubwa. Ameona aibu kusimama mbele yenu, kwa hivyo mtanivumilia mimi, Rosaline, mdogo wake marehemu.

Dada Nelima alizaliwa Ndalu tarehe 14 Machi 1955, kifungua mimba wa Mzee Makokha. Alisoma hapo hapo Ndalu, akaenda chuo cha ualimu, kisha akafundisha Bungoma na baadaye kule Kwanza, upande wa Kitale, hadi alipostaafu mwaka 2010.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na marehemu Wangila wa hapa Naitiri, wakajaliwa Wekoye na Simiyu.

Alipostaafu, yeye na akina mama wa kanisa walifanya harambee, wakanunua ekari mbili Kwanza na kujenga makao ya mayatima. Kikundi kilikuwa hakijasajiliwa, hivyo hati ya shamba ikaandikwa jina lake. Mwaka 2019 wakili mmoja wa Kitale alimwambia, "Mwalimu, ukifa leo, kisheria hili shamba ni la wanao." Hakungoja! Alihangaika miaka miwili na bodi ya ardhi mpaka hati ikatoka kwa jina la wadhamini wa makao. Vibanda vya biashara mbele ya makao vilipopangishwa, akasema, "Watoto ni hisani, lakini duka ni duka. Kodi ya serikali italipwa." Sukuma wiki yake alinunua sokoni, na bustani ya makao imejaa. Nikimcheka, ananiambia, "Rosa, si yangu hiyo, bana."

Figo zilimsumbua tangu mwaka jana, akafariki Kitale tarehe 9 Juni 2025. Aliagiza azikwe hapa, kando ya mumewe.

Lakini Jumatano wanawe walimchimbia kaburi Kwanza, katikati ya bustani ya watoto. Sote tulijua sababu: mama akishalala pale, nani atawaambia shamba si lao? Na sisi watu wazima wa ukoo tukanyamaza. Mary Ann, mlezi wa makao, aliuliza, "Mbona mnazika kwetu bila kutuuliza?" Haki ya Mungu! Nilitamani ardhi inimeze. Jana Wekoye alishika jembe, akalifukia lile kaburi mwenyewe, akilia.

Dada ameacha wana wawili, wajukuu watano, na watoto wa Kwanza walioketi hapo mbele. Shamba hakuacha.

Utusamehe, dada. Lala salama hapa Naitiri, ulipotaka.